Fundi wa Mikanda Isiyolegea

Nisameheni kwanza kwa mwandiko huu na kwa maneno niliyoyakosea herufi. Shule niliiachia darasa la tano, Bukavu, na tangu siku hiyo kalamu nimeishika mara chache. Ukurasa mmoja unanichukua siku mbili. Nesi Mkenya anayekaa ghorofa ya juu yetu amenisahihishia maneno, maana sisi wa Bukavu tunaandika kama tunavyosema, lakini habari yenyewe hakuigusa. Alipomaliza kusoma aliniuliza kama nina hakika nataka kuituma. Nina hakika.

Mhariri wa jarida letu la kanisa aliniomba niandike kumbukumbu ya Fundi kwa sababu nilikuwa jirani yake kwa miaka mitano, mlango kwa mlango. Katika toleo lililopita mchungaji aliandika kwamba Fundi hakuacha adui hata mmoja duniani. Aliacha mmoja. Ni mimi.

Wote mnaopita Thornton Heath, hapa London, mnalijua duka lake, lile jembamba kati ya kinyozi na duka la samaki wakavu. Alitengeneza viatu, alichonga funguo, alibadilisha zipu. Hayo yote yalikuwa ya kumlipia kodi tu. Moyo wake ulikuwa kwenye mikanda. Ukipanda naye basi, hakutazama nyuso za watu wala dirishani, alitazama viuno. "Ona ule papa," yaani yule baba, angeninong'oneza, "kila hatua tatu anavuta suruali. Wamemuuzia karatasi iliyopakwa rangi." Mara moja alimsimamisha mzungu aliyevaa suti nzuri kituoni, akamgusa mkanda kwa kidole, akatikisa kichwa kama daktari aliyeona ugonjwa. Yule mzungu alidhani anaibiwa. Sisi tulicheka mpaka tukakosa basi.

Ngozi aliinunua Kenton, kwa Mhindi mmoja aliyezaliwa Kisumu ambaye Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha Fundi. Niliwahi kumsindikiza. Mhindi alipomwona tu alianza kufunika bidhaa zake.

"Mzee, umekuja tena kunichafulia duka?"

"Nimekuja kuona kama leo uko na ngozi ao uko na viatu vya zamani ulivyovichana."

"Ngozi hii ni ya mgongo. Haki ya Mungu."

"Ya mugongo wa nani? Wa panya?"

Walikaa hivyo saa nzima, wakinywa chai. Fundi aliunusa kila ukanda wa ngozi, akaushika ncha moja na kuunyoosha hewani ukiwa umesimama kwa ubavu. Ulioinama upesi aliutupa. Uliobaki aliukunja kama mtu anayekamua nguo, kisha akauachia aone utarudi vipi. Alitaka ngozi ya mgongo wa ng'ombe, si ya tumbo, kwa sababu ya tumbo inavutika. Alitaka tabaka mbili, zigandishwe kwa gundi na kushonwa ukingoni kwa uzi wenye nta. Matundu aliyatoboa yakikaribiana, maana alisema kiuno cha mtu asubuhi si kiuno chake baada ya kula. Siku ile tuliondoka na kipande kimoja tu, na Mhindi alimpa mkono kwa mikono yote miwili.

Nayaandika haya mazuri kwa sababu ni kweli. Sitaki mtu aseme nimemsingizia.

Kazi yake ya zamani hakuificha. Kabla ya London alikuwa na duka Bukavu, na wateja wake wakubwa walikuwa watu wanaobeba bastola chini ya shati: wanunuzi wa dhahabu, walinzi wa matajiri, maofisa waliovaa kiraia. Alisimulia habari hizo kwa kinyozi kama mwingine anavyosimulia mpira.

"Bastola ni chuma kizito," alisema. "Mukanda mulegevu unaiacha ilale nje, kitako kinasukuma shati, na mwenyewe anaanza kujigusagusa. Mutu anayejigusa kiuno, hata mutoto anamujua. Mukanda muzuri, mwenyewe anasahau kama amebeba."

"Basi na miye unishonee," kinyozi akadakia, "nifiche mashine ya kunyolea, bibi asijue niko kazini."

"Wewe? Kiuno chako kiko wapi? Minaona tumbo tu."

Alikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza, hakupima kiuno kitupu. Mteja alipaswa kuja na kitu chenyewe atakachobeba, akivae, atembee, akae, ainame, anyanyue mikono. Ndipo Fundi alipotoboa tundu la mwisho. Ya pili, hakuuliza jina. Alijivunia sana kanuni hii ya pili. Alisema ndiyo iliyomfanya aishi mpaka mvi.

Mnakumbuka habari ya kijana wa mama wa Goma, ile aliyoitaja mchungaji kwenye mazishi. Mimi nilikuwepo dukani, nimepeleka kiatu. Kijana yule amezaliwa hapa hapa, Kiswahili anakisikia lakini anajibu kwa Kiingereza. Alitaka mkanda mgumu kuliko yote.

"Wa kubeba nini?" Fundi akamuuliza.

Akajibu kwamba ni wa suruali.

"Suruali yako iko magotini. Unataka kufunga magoti?"

Kinyozi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alicheka kwa sauti. Fundi hakucheka. Alimwambia kijana, "Nenda ulete kile unataka kubeba, tupime pamoja." Kijana akatukana kwa Kiingereza, akatoka. Fundi alifunga duka saa ile ile, mchana, wateja wakingoja, akaenda mpaka kwa mama yake na kuongea naye. Kijana alipelekwa kwa mjomba wake, mji mwingine, na leo anasoma ufundi umeme. Mama yule alilia kwenye jeneza la Fundi kuliko watu wote. Na mimi siku ile nilimsifu. Nilimwambia Shangazi, ninayeishi naye, kwamba jirani yetu ni mtu wa Mungu.

Kweli alikuwa na huruma nyingi. Viatu vya manesi na vya mama wanaotunza wazee alivishona bure, akidai gundi ilibaki tu. Tulipohamia, mimi na Shangazi, hatukujua kuwasha hita. Alikuja akatuwashia, akatuchorea kwenye karatasi kitufe kipi ni kipi. Mimi sipendi kuongea mbele za watu, hata dukani naonyesha kwa kidole. Fundi ndiye alinifanya niagize mwenyewe mkate. Alisimama nyuma yangu akakataa kunisaidia. "Sema, mutoto. Mudomo ni wako." Shangazi alimpenda. Kila Jumapili alinituma kwake na bakuli la maharage na ugali umefunikwa kitambaa.

Sasa nifike kwenye mkanda wangu.

Nafanya usafi Wembley, uwanjani, siku za mechi na za tamasha. Kiunoni nabeba funguo nyingi, redio ya kuitana na chupa mbili za dawa. Mkanda niliokuwa nao ulikuwa wa dukani, wa bei ndogo, na suruali ilikuwa ikinishuka mbele ya watu. Msimamizi wangu alinicheka. Nikamwambia Fundi. Alifurahi kama mtu aliyealikwa harusini.

"Lete vyote. Funguo, redio, hata zile chupa. Usiache kitu."

Nilikwenda Jumanne asubuhi, mvua ikinyesha. Alinichagulia ngozi, akanivalisha, akaning'iniza kila kitu mahali pake. Akaniambia nitembee mpaka mlangoni. Nikatembea. Nikae. Nikakaa. Niiname kama nadeki. Nikainama.

"Nyanyua mikono."

Nikanyanyua.

"Juu zaidi. Sawa vile unakaguliwa getini."

Nikanyanyua zaidi. Alinizunguka akitazama kiuno changu, akapiga makofi mara moja.

"Unaona? Hautikisiki hata kidogo. Miye nilishona moya tu uliopita huu." Akakaa kwenye kigoda chake, sindano mkononi. "Alikuwa mutu wa mukono wa kushoto. Alitaka kuibeba mbele, hapa, chini ya kitovu, na bizimu, hiki chuma cha kufungia, ilikuwa inamukwaza akikaa. Sasa nikahamisha bizimu pembeni, juu ya nyonga. Mukanda wa vile nimeshona moya tu, maisha yangu yote. Nilimunyanyulisha mikono mara ishirini, nikimuzunguka sawa mwalimu. Akaenda kwenye mahari ya watu. Getini vijana wakamwambia anyanyue mikono, akanyanyua. Hakuna aliyeona. Saa mbili nzima amekaa kati yao, hakuna aliyeona!"

Alitabasamu. Tabasamu lile ndilo silisamehe mpaka leo.

"Halafu?" nikamuuliza.

"Halafu nini?"

"Baada ya saa mbili."

Akainamisha kichwa kwenye kazi yake. "Yale ni mambo ya wakubwa," akasema, na akatoboa tundu la mwisho.

Niwaeleze ambacho yeye hakukijua siku ile. Mahari ile ilikuwa ya Shangazi yangu. Nyumba ilikuwa yetu. Baba alikuwa ametishiwa kwa sababu ya kiwanja alichokataa kukiuza, kwa hiyo vijana wa mtaa walisimama getini. Lakini kwetu, wageni waliokuja kwa mahari huwezi kuwapapasa viunoni. Ni kuwatukana, na ndoa inaweza kuvunjika hapo hapo. Wazee walikubaliana kwamba wageni wanyanyue mikono tu, kwa adabu, wakitaniwa kidogo, waingie. Ndivyo ilivyofanyika.

Mimi nilikuwa na miaka kumi. Kazi yangu ilikuwa kupita na jagi na beseni, kuwamwagia wageni maji wanawe. Mtoto wa miaka kumi haoni nyuso za watu waliosimama, anaona mikanda yao. Nilimfikia mwanaume mmoja ambaye bizimu yake ilikuwa ubavuni, juu ya nyonga. Nilicheka. Nilidhani amevaa vibaya kwa haraka. Na yeye akacheka, akanitolea mikono, wa kushoto mbele. Nikammwagia maji. Alikula nyama yetu. Soda zilipokuwa zikigawiwa alisimama, akampiga Baba risasi mbili, akapita kwenye geti lile lile. Mwaka ule sikurudi shule. Shangazi hajaolewa mpaka leo.

Kwa hiyo nilikuwa nimesimama kwenye duka la Thornton Heath, mikono bado imenyanyuka, na mtu aliyemfundisha muuaji wa baba yangu kunyanyua mikono alikuwa miguuni pangu akitafuta mkasi. Alizikataa pesa zangu. Nikasema aksanti. Nilipofika nyumbani niliukata mkanda ule vipande kwa kisu cha jikoni. Ilinichukua nusu saa, kwa jinsi ulivyokuwa mgumu.

Shangazi sikumwambia wakati ule. Jumapili alinipa bakuli kama kawaida. Nilitoka nalo, nikashuka ngazi, nikamwaga maharage kwenye pipa la taka la nyuma ya jengo. Nililisafisha bakuli kwenye bomba la uani, nikakaa kidogo, nikarudi.

"Amekula?"

"Amekula."

"Amesema nini?"

"Amesema chumvi ilikuwa sawa."

Nilifanya hivyo wiki kumi na moja. Yeye alikuwa mtu wa kuishi peke yake, asiyejua kupika zaidi ya mayai, na wiki zile alianza kukonda. Nilipokutana naye kwenye ngazi aliniuliza kwa aibu kama Shangazi anaumwa, au kama amemkosea. Nilimwambia Shangazi hana shida na mtu. Nikaona macho yake yanashuka. Nilipanda ngazi zilizobaki nikiwa mwepesi. Mnaweza kunihukumu, lakini nasema kilichokuwa.

Wiki ya kumi na mbili nilikwenda dukani. Kinyozi alikuwa ameenda kununua chakula. Nilisimama mbele ya kaunta na niliongea maneno mengi kuliko niliyowahi kuongea na mtu kwa mara moja. Nilimwambia kuhusu jagi na beseni. Nilimwambia bizimu ilikuwa upande gani. Nilimtajia mtaa, rangi ya geti, na nguo aliyovaa Shangazi.

Aliweka nyundo chini. Akaitazama mikono yake.

"Miye nilishona ngozi tu," akasema.

"Ulimnyanyulisha mikono mara ishirini."

"Mutoto..."

"Mimi si mtoto wako. Jina lake nani?"

"Unajua kanuni yangu. Siulizi jina."

"Sikuuliza kama ulimuuliza. Jina lake nani?"

Akatikisa kichwa. Aliapa kwa kaburi la mama yake kwamba hajui. Nikatoka. Tangu siku hiyo tulipitana kwenye ngazi kama watu wasiojuana. Alianza kunisalimia kila mara, kwa sauti ndogo, na kila mara niliacha salamu yake ianguke chini. Duka alianza kulifungua siku tatu kwa wiki. Kinyozi anasema mikanda aliacha kabisa kuishona. Wateja walipoulizia, aliwaelekeza kwenye maduka ya wale wauza karatasi.

Majira ya baridi alianguka dukani, upande mmoja wa mwili ukakataa. Alilazwa hospitali, na waumini walipeana zamu za kwenda kumwona. Zamu ya Jumatano mchana walimpangia Shangazi. Nilimwambia apumzike, nitakwenda mimi.

Alikuwa kitanda cha dirishani. Amekuwa mdogo. Mdomo ulikuwa umevutika upande, lakini maneno yalitoka, polepole, kama mimi ninavyoandika. Aliponiona alianza kulia kwa jicho moja.

"Umekuja kunisamehe."

"Nimekuja kwa jina."

Akageukia dirisha. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa akila ndizi na kututazama, lakini hakuelewa lugha. Nilivuta kiti nikakaa karibu na kichwa cha Fundi.

"Nikitaja," akasema, "utanisamehe?"

"Ndiyo."

"Sema vizuri."

"Ukinitajia jina lake nitakusamehe, papa." Ile "papa" niliitia makusudi. Sikuwa nimemwita hivyo tangu mwaka uliotangulia.

Akanitajia. Jina lote, na la ukoo, na lile ambalo watu walimwita mtaani. Nikamwuliza alilijuaje ikiwa haulizi majina. Akafumba macho.

"Alirudi," akasema. "Wiki ile ile. Na kreti ya soda. Akaniambia, fundi, mukanda wako umefanya kazi. Akajitambulisha mwenyewe. Akataka wa pili." Akapumua. "Nilimushonea. Ungekataa wewe? Na bastola yake juu ya meza yangu?"

Nililirudia lile jina mara tatu kwa sauti, na kila mara aliitikia kwa kichwa kwamba ndilo. Nikamwuliza mtu huyo yuko wapi sasa. Akasema alisikia tu kwamba mtu huyo alitoka Kongo, kwamba yuko Ulaya na ana watoto, kwamba ni mtu wa heshima kwenye kanisa lao. Hakujua nchi. Nilimwamini, kwa sababu wakati huo alikuwa tayari kunipa chochote.

"Sasa sema," akaniambia. "Sema umenisamehe."

Nilisimama. Nikavaa koti, nikafunga vifungo kimoja kimoja. Akanyoosha ule mkono wake mzima, akashika ukingo wa koti langu.

"Uliahidi, mutoto."

Niliutoa mkono wake kwenye koti, nikauweka juu ya blanketi, nikaondoka. Nyuma yangu nilimsikia akiita, na yule wa ndizi akibonyeza kengele ya nesi. Niliteremka kwa ngazi, sikungoja lifti. Alikufa Jumamosi.

Kuna watakaosema nimemdanganya mtu anayekufa. Ni kweli, nilimdanganya. Baba yangu hakupewa nafasi ya kuahidiwa wala kudanganywa. Fundi alikuwa mwema kwenu nyote, na kwangu pia, na wema wote ule alianza kuutoa baada ya kuinywa ile soda. Nyinyi msameheni mkitaka, ni haki yenu. Yangu nimeikataa.

Haya yote nimemsomea Shangazi kabla ya kuyatuma. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda chumbani kwake akaniletea kalamu mpya.

Sasa nawaomba nyinyi mnaosoma. Jarida hili linafika mbali, najua, watu wanalibeba mpaka Ubelgiji na Ufaransa. Jina silitaji hapa, maana akiliona atahama. Lakini ni mwanaume wa Bukavu, kwa sasa ana miaka kama hamsini na tano, anatumia mkono wa kushoto, anapenda kutania watoto, na ukimwuliza alifanya kazi gani nyumbani hujibu kwamba alikuwa mfanyabiashara. Sitaki damu yake. Nataka mkewe ajue, watoto wake wajue, kanisa lake lijue, na polisi wa nchi anayoishi wapate jina lote na habari yote ya siku ile. Kama mnamfahamu mtu wa namna hiyo, niandikieni kupitia mhariri. Niambieni yuko mji gani, anaitwaje huko, na ni nani anayemkaribisha nyumbani kwake. Naandika polepole, lakini kila barua nitaijibu.